Dini? Andika "Hajui"

Usiku wa Agosti 24, 2019, Wakenya tulihesabiwa. Unakumbuka vile baa zilifungwa mapema na makarani wakapita mlango kwa mlango, tableti mkononi, wakiuliza mpaka idadi ya kuku? Kati ya maswali yale kulikuwa na moja la dini. Matokeo yalipotoka, Wakristo wa kila aina walikuwa kama milioni 40, Waislamu zaidi ya milioni 5, na watu 755,750 wakasema hawana dini kabisa. Hao wa mwisho ndio waliozua gumzo mitandaoni. Wachungaji walilia kizazi kimepotea, nao wasioamini wakajipiga kifua kwamba wanaongezeka.

Mimi jicho langu liliganda kwenye mstari unaofuata, ule ambao hakuna aliyeushughulikia. Watu 73,253 waliandikwa kwamba dini yao "hajui".

Najua unachowaza. Wengi wao pengine hawakuulizwa wenyewe. Caretaker anaulizwa dini ya mpangaji wa chumba cha mwisho, yule wa kuingia usiku na kutoka alfajiri, anasema hajui, karani anabonyeza, wanasonga mlango mwingine. Hata mimi nadhani ndivyo ilivyokuwa. Karani hakuwa anatafuta maana ya maisha, alikuwa anatafuta kumaliza ploti aende nyumbani. Kwetu Umoja, mathee ndiye aliyejibu kwa niaba ya nyumba nzima: Mprotestanti, Mprotestanti, Mprotestanti, kama mtu anayehesabu chapati. Mimi nilikuwa na miaka 18, nimesimama pale pale mlangoni, na hakuna aliyenigeukia.

Leo karani akirudi na aniulize mimi mwenyewe, nitamwambia aniweke na wale 73,253. Na nitataka aelewe kwamba sijachanganyikiwa na wala sijakosa muda wa kulifikiria. Nimelifikiria sana tu. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo huwa na muda mwingi wa kufikiria, hasa siku ambazo hakuna kibarua.

Shida ni kwamba mtaani "sijui" haina heshima. Kaa base yoyote Eastlands jioni moja, utakuta majibu yamejaa. Kuna yule jamaa ametazama video ishirini za mdahalo kwenye simu, sasa anakuambia Mungu ni hadithi ya watoto, na anakuambia kwa sauti ile ile ya mhubiri wa Jumapili. Badilisha tu maneno, pumzi ni moja. Halafu kuna yule mwingine aliyeokoka mwezi jana na tayari anajua ni nani katika ploti yenu ataingia mbinguni, tena kwa majina. Ukiwaambia hawa wawili kwamba wewe hujui, wanaungana ghafla kukucheka. "Jamaa ni vuguvugu." "Jamaa anaogopa." Sijawahi kuona Mkristo na mkana Mungu wakikubaliana haraka hivyo.

Lakini ngoja nikueleze kwa nini hili jambo halinichekeshi.

Kwenye ploti yetu kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mboga pale getini. Alikuwa na kisukari, anajidunga insulini kila siku, dawa zake anaziweka kwenye friji ya jirani kwa sababu yeye hakuwa na yake. Mhubiri fulani, sitamtaja, alimwekea mikono akamwambia amepona, na mtu aliyepona hajidungi sindano. Mama akaacha. Siku chache baadaye alizimia, wanawe wakamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Nilienda nao.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, labda ananizidi miaka minne hivi. Kijana mkubwa wa yule mama akamuuliza: "Ataamka?" Daktari akasema: "Sijui. Tumemwanzishia matibabu, usiku huu ndio utatuonyesha. Kesho asubuhi nitakuwa na jibu bora kuliko la sasa."

Manze, yule kijana aliwaka. Alimtusi daktari mbele ya wauguzi, akasema hospitali imejaa wanafunzi wasiojua kazi, akataka mamake ahamishwe. Mama aliamka siku ya tatu, baadaye wakamkata vidole viwili vya mguu, na anaishi. Hilo ndilo jambo kubwa na ninashukuru. Ila kile ambacho kimekataa kutoka kichwani mwangu ni hasira ile na mahali ilikoelekezwa. Mhubiri aliyesema "najua" na kumbe hajui, hakuna aliyeenda kumpigia kelele. Jumapili iliyofuata sadaka ilitolewa kama kawaida. Daktari aliyesema "sijui", na kweli alikuwa hajui, na bado akakesha na mgonjwa, ndiye aliyetusiwa.

Sisi tunamlipa anayejifanya kujua. Tunamlipa pesa, tunampa kipaza sauti, tunampigia makofi. Halafu tunashangaa tukifika Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika ule msitu wa Kilifi, na kufikia mwisho miili ilikuwa imepita 400. Upande wa mashtaka unasema watu wale waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengine walikuwa watoto, ambao hata kuamini hawakuwa wameamua, walijibiwa tu na wazazi wao kama mimi nilivyojibiwa mlangoni. Baada ya hapo kila mtu alisema tatizo ni imani kupita kiasi. Mimi nakataa kidogo. Nimewaona watu wenye imani kubwa kupita ile wasioweza kumdhuru nzi. Ninachokiona Shakahola ni mtu kudai anajua kitu ambacho mwanadamu hana njia ya kukijua, na watu wengine kukosa ujasiri wa kumuuliza: wewe umejuaje?

Hilo swali fupi, "umejuaje?", ndilo falsafa yote niliyotoka nayo chuoni. Mwaka wa kwanza tulikuwa na somo la lazima la kufikiri kwa makini. Ukumbi ulijaa watu mia tatu, nusu wanachati, nusu wamelala. Lakini mhadhiri alitaja jina moja nikaliandika pembeni ya daftari: Henry Odera Oruka.

Kama hujawahi kumsikia si kosa lako, hatufundishwi. Alizaliwa 1944, mtu wa Ugenya kule Siaya, akasomea Uppsala, Uswidi, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970. Wakati huo falsafa na masomo ya dini vilikuwa katika idara moja, na yeye ni kati ya waliopigania vitenganishwe, jambo lililofanyika mwaka wa 1980. Alifariki Desemba 1995 baada ya kugongwa na gari hapa Nairobi.

Kazi aliyofanya ilikuwa hivi. Wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakisema Mwafrika hana mwanafalsafa, ana mila tu, kijiji kizima kinafikiri wazo moja. Hata baadhi ya wasomi wetu waliokuwa wakitutetea walizungumza kana kwamba kabila ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja: Waluo wanaamini hivi, Wakamba wanaamini vile. Oruka hakuridhika. Katika miaka ya sabini yeye na wenzake wakaanza kwenda vijijini na kinasa sauti, wakatafuta wazee wenye sifa ya hekima, wengi wao hawajakanyaga shule, wakawauliza maswali yale yale yanayoulizwa vyuoni. Mungu ni nini? Je, yuko? Kifo ni nini? Halafu wakawabana: kwa nini unasema hivyo? Wengine walirudia tu mila waliyopokea. Wachache walisimama peke yao, wakaikosoa hata mila ya kwao. Hao ndio Oruka aliowaita wanafalsafa, na mahojiano yao yakatoka katika kitabu mwaka wa 1990. Ukimwambia hao wazee hawakuandika chochote, alikuwa na jibu: hata Socrates hakuandika.

Nilikisoma kitabu hicho kwa fotokopi iliyofifia, ukurasa mwingine wino umekula mistari, tayari nikiwa nimeacha chuo. Sikulala. Kwa sababu pale, juu ya Mungu, wazee watatu wa nchi hii moja wanatoa majibu matatu yasiyofanana hata kidogo.

Babake Odera Oruka mwenyewe, Mzee Oruka Rang'inya, anasema ni makosa kumfanya Mungu kuwa mtu. Kwake Nyasaye ni wazo, wazo la wema wenyewe. Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru anaanza na mimba. Anatazama jinsi uhai mpya unavyotokea tumboni mwa mama, na kutoka hapo anamwona Mungu kama mchanganyiko wa joto na baridi, viwili ambavyo vikikutana ndipo uhai unatokea. Na kule Mbeere kuna Njeru wa Kanyenje, mzee ambaye hangeweza kusingiziwa kwamba amepotoshwa na intaneti. Anasema haombi Mungu na haendi kwa mganga, kwa sababu dini na uganga vyote havina ukweli ndani yake. Halafu anaongeza jambo ambalo lilinichoma: kwamba kitu alichotamani sana maishani ni kusoma shule.

Tulia na hilo. Unaambiwa kila siku kwamba kutoamini ni ugonjwa wa vijana wa mjini waliopewa bando nyingi. Huyu hapa mzee wa Mbeere, bila shule, bila umeme, amefika huko kwa miguu yake mwenyewe. Na pia unaambiwa na wale jamaa wa video kwamba anayeamini hafikirii. Huyu hapa Kithanje, anafikiri kuanzia kwenye mimba mpaka kwa Mungu, hatua kwa hatua. Simkubali, mimi joto na baridi naviona ni joto na baridi tu, lakini njia yake naiona na ninaweza kubishana naye. Mhubiri wa yule mama wa mboga hakuacha njia yoyote ya kubishana. Alifunga mlango akaondoka na funguo.

Mtu mwingine ninayempenda katika haya mambo ni Imam Ghazali, na wasomaji Waislamu mtanivumilia nikimweleza kimtaa. Huyu mwaka wa 1095 alikuwa Baghdad, mwalimu mkuu katika Nizamiyya, chuo kikubwa cha wakati huo. Jina, mshahara, wanafunzi mamia. Siku moja ulimi ukakataa. Akisimama kufundisha, maneno hayatoki. Chakula hakishuki. Matabibu wakasema ugonjwa uko moyoni na dawa zao hazifiki huko. Akaacha kazi, akaondoka Baghdad, akazurura miaka kadhaa Damasko, Jerusalemu, Makka. Kwa lugha yetu, profesa alidropu. Mimi nikijilinganisha naye mathee hucheka mpaka anakaa chini, na ana haki. Mimi nilidropu kwa sababu ya karo, yeye alidropu kwa sababu ya nafsi.

Lakini kabla ya hayo Ghazali alikuwa amepitia kitu kingine, ambacho yeye mwenyewe amekieleza. Alijiuliza ni nini anachokijua kwa hakika. Akaanza na macho. Ukitazama kivuli unakiona kimesimama, ukirudi baada ya saa moja kimesonga. Ukitazama nyota unaiona ndogo kama sarafu, lakini hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kwa hiyo akili ilikuja ikayakosoa macho. Akauliza: je, kama nyuma ya akili kuna kitu kingine ambacho kingekuja kuikosoa akili, na mimi sikioni kwa sababu hakijaja? Akakwama hapo karibu miezi miwili. Anasema hakutolewa na hoja, alitolewa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mimi nuru hiyo sijaipata, siwezi kusema ipo wala haipo. Kinachonishangaza ni kwamba mmoja wa wanazuoni wakubwa kabisa wa Uislamu hakuona haya kuandika kwamba miezi miwili hakujua kitu. Nitajie mhubiri mmoja wa televisheni anayeweza kusema hivyo hewani.

Watu husema basi sayansi itamaliza mjadala. Naipenda sayansi, iliniachia mama wa mboga. Lakini wanasayansi wenyewe ukiwasikiliza wana adabu kuliko wafuasi wao wa base. Wanaosoma ulimwengu wanasema kila kitu tunachokijua, nyota, milima, mimi, wewe, simu unayosomea hapa, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo. Kiasi cha asilimia 27 ni maada ambayo haijawahi kuonekana, wanajua ipo kwa sababu inavuta vingine. Iliyobaki, karibu asilimia 68, ni nishati ambayo hata hawajui ni nini hasa, wameipa jina tu ili waendelee na kazi. Na mwaka wa 1931 kijana wa miaka 25 hivi aitwaye Kurt Gödel alithibitisha, kwa hesabu tupu, kwamba mfumo wowote wa kanuni wenye nguvu ya kutosha kufanya hesabu za kawaida, na usiojipinga, utakuwa na mambo ya kweli ambayo mfumo huo wenyewe hauwezi kuyathibitisha. Miaka 25 hivi! Mimi niko karibu na umri huo na bado nabishana na caretaker kuhusu tokeni za stima.

Tafadhali usichukue hiyo ya Gödel ukaenda kuitumia kuthibitisha Mungu wako au kutokuwepo kwake. Nimeona ikifanyiwa hivyo pande zote mbili. Yeye alikuwa anazungumzia hesabu.

Halafu "sijui" zenyewe si za aina moja, na hapa ndipo huwa nakosana na marafiki zangu wavivu. Kuna sijui ya mtu ambaye hajatafuta. Kisukari kinaendeshwa vipi bila insulini? Hiyo inajulikana, uliza, soma, nenda kliniki, usinijie na "nani ajuaye". Yule mhubiri alicheza na kitu kinachojulikana kabisa akakivalisha fumbo. Ndiyo maana sitaki mtu achukue makala haya akaenda kusema chanjo hatujui, tabianchi hatujui, yote ni maoni. La. Sijui yangu haianzi mpaka kutafuta kumefika mwisho wa barabara.

Na huo mwisho upo. Shosho wangu alikuwa Nyeri, mwanamke wa kanisa tangu ujana, kitambaa cheupe kichwani kila Alhamisi ya mkutano wa akina mama. Miezi yake ya mwisho, mwaka wa 2021, nilikuwa nampelekea uji kitandani. Alikuwa anajua anaenda. Asubuhi moja aliniuliza kama ninaamini tutaonana tena. Mathee alikuwa mlangoni na alinipa macho yale ya "chunga mdomo". Ningeweza kusema ndiyo. Ingechukua sekunde moja na isingegharimu mtu kitu.

Nikamwambia, "Shosho, sijui. Ningependa sana."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema hata yeye hajui. Akasema watu hudhani anaomba kwa sababu anajua, na kumbe angejua, kuomba kungekuwa kwa nini? Akaomba uji uongezwe sukari, ambayo alikuwa amekatazwa, nikaongeza. Tulikula kimya.

Mathee hajawahi kunisamehe kikamilifu kwa lile jibu. Anasema mtu anayekufa anapewa anachohitaji, si mafikira ya mjukuu. Tumebishana juu yake zaidi ya mara kumi na kila mara nasikia hoja yake vizuri zaidi kuliko mara iliyopita. Inawezekana kuna wakati ukweli na upendo vinataka majibu tofauti, na hakuna Oruka wala Ghazali atakayekuchagulia. Lakini nashika kitu kimoja: ningesema ndiyo, asingeniambia alichoniambia. Angekufa na hiyo sijui yake peke yake, katikati ya watu wote tuliokuwa tunamwimbia kwamba inajulikana.

Kanisani bado naenda, kama unajiuliza. Mara mbili tatu kwa mwaka, namsindikiza mathee, na ile nyimbo ikipanda vizuri nasimama na nywele zangu zinasimama pia. Pasta wetu anajua msimamo wangu. Ni mzee mpole, aliwahi kuniambia kwamba kati ya watu wanaokuja ofisini kwake faragha, walioshiba hakika ni wachache sana. Nikamuuliza kwa nini basi hasemi hivyo madhabahuni. Akacheka, akasema nina swali zuri, akabadilisha mazungumzo.

Siku hizi Alhamisi jioni tunakutana watu sita saba hivi nyuma ya kioski cha kuosha magari karibu na steji. Kuna fundi wa simu, kuna dada anayesomea uuguzi, kuna Mwislamu mmoja kutoka Eastleigh ambaye ndiye alinielekeza kwa Ghazali, na kuna yule jamaa wa video ishirini, ambaye amepunguza kelele kiasi. Sheria ni moja: ukisema kitu, yeyote anaruhusiwa kukuuliza umejuaje, na "sijui" inakubaliwa kama jibu, hakuna kuchekana. Wiki jana kijana mkubwa wa mama wa mboga alikuja mara ya kwanza. Alikaa pembeni, hakusema chochote kwa saa nzima. Tulipokuwa tunainuka akaniuliza kama namjua yule daktari anafanya kazi zamu gani. Nilimwambia sijui, lakini yule dada wa uuguzi alikuwa anajua.